Miti minne hulala, miti mitatu husimama

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, kabla ya kuendelea tafuta vijiti vinne vyenye urefu sawa na kipande cha uzi. Mabua makavu yanafaa. Njiti za kiberiti ni fupi mno, zitakusumbua. Funga vijiti hivyo ncha kwa ncha mpaka upate umbo la mraba. Sasa shika upande wa chini, na kwa kidole kimoja sukuma upande wa juu. Umeona? Mraba wako umelala. Hakuna kijiti kilichovunjika, hakuna fundo lililofunguka, kila upande una urefu uleule. Lakini umbo si lile tena.

Ondoa kijiti kimoja, kisha funga vitatu vilivyobaki viwe pembetatu. Sukuma. Sukuma tena kwa nguvu. Pembetatu haiendi popote mpaka kijiti kivunjike au uzi ukatike.

Jambo hilo dogo ndilo habari yetu ya leo. Huenda utauliza: tangu lini watu wa zahanati wakafundisha hesabu? Ni haki yako kuuliza. Kazi yangu ni vidonda, homa na mifupa. Lakini mfupa uliovunjwa na mti wa shimoni una historia yake, na mara nyingi historia hiyo inaanzia siku mti ule uliposimamishwa vibaya. Anayesimamisha mti anafanya hesabu ya maumbo, hata kama hajui majina ya maumbo hayo. Mimi naona ni afadhali tuizungumze hapa kwenye karatasi kuliko kwenye chumba cha kufungia vidonda.

Majina kwanza, upesi upesi

Watoto wetu wanaleta majina haya nyumbani kutoka shuleni, na baba akiulizwa hujifanya ana usingizi. Basi tuyapitie. Umbo lolote lenye pande nne zilizonyooka ni pembenne. Pembe zake zote nne zikiwa za digrii 90, kama mlango au karatasi hii, ni mstatili. Mstatili wenye pande zote sawa ni mraba. Ukiusukuma mstatili ulale upande mmoja, pande zinazotazamana zinabaki sambamba lakini pembe zimeinama: huo ni msambamba. Ukiusukuma mraba vivyo hivyo, unapata rombo, pande sawa lakini pembe si sawa. Na kama ni pande mbili tu zinazokwenda sambamba, kama ndoo ukiitazama kwa ubavu, mdomo mpana na kitako chembamba, hiyo ni trapeza.

Watoto hubishana sana kama mraba ni mstatili. Ndiyo, ni mstatili. Kila ng'ombe ni mfugo, lakini si kila mfugo ni ng'ombe.

Jina la mwisho ndilo kubwa kuliko yote hayo: mshazari. Ni mstari unaotoka kwenye kona moja ya pembenne na kwenda kwenye kona inayoitazama. Pembenne ina mishazari miwili. Ukiikata pembenne kwa kufuata mshazari mmoja, unapata pembetatu mbili. Kwa sababu pembe za pembetatu, zikijumlishwa, ni digrii 180, pembe za pembenne yoyote ni digrii 360. Mtoto akikataa kuamini, mpe karatasi ya pembenne yenye sura yoyote, achane kona zote nne na kuzipanga ncha zikutane mahali pamoja. Zitaziba mzunguko mzima bila pengo.

Sasa rudi kwenye vijiti vyako. Ile pembenne iliyolala, pima urefu wa kijiti kimoja kimoja: hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni mishazari. Mmoja umerefuka, mwingine umefupika. Ndiyo sababu nasema pande nne peke yake hazikuambii umbo ni lipi. Euklide, mwalimu wa Aleksandria huko Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo, aliandika kwamba pembetatu mbili zikiwa na pande tatu zilizo sawa, basi na pembe zake ni sawa. Kwa pembenne hakuandika hivyo, maana si kweli.

Funga kijiti cha tano katika mshazari wa ule mraba wako, kisha sukuma tena. Sasa umesimama. Umeugeuza kuwa pembetatu mbili.

Shimoni

Tuchukue njia ya shimoni yenye nguzo mbili za sm 200 na mti mmoja wa juu. Nguzo zimesimama wima, na mti wa juu umelala sawasawa. Ni mstatili: nguzo mbili, mti wa juu na sakafu. Udongo wa upande mmoja ukianza kusukuma, nguzo zote mbili zinainama pamoja kuelekea upande wa pili, kama askari wawili wanaotii amri moja. Zikiinama mpaka digrii 60 kutoka sakafuni, kimo cha njia si sm 200 tena, ni sm 173. Zikifika digrii 45 ni sm 141. Zikifika digrii 30, kimo ni sm 100 tu, na juu yako pana mlima. Angalia vizuri jambo la kutisha hapa: miti yote bado ni mizima! Fundi angeweza kuapa kwamba alichagua mti mgumu, mkavu, usio na ufa, na angekuwa anasema kweli. Mti haukushindwa. Umbo ndilo lililoshindwa.

Kwa hiyo mafundi wa zamani wa migodi, katika nchi nyingi za dunia, walizoea kutosimamisha nguzo wima kabisa. Waliziegemeza kidogo, vichwa vikaribiane na miguu iachane, wakapata trapeza. Faida ni mbili. Kwanza, nguzo iliyoegemea ndani inajibu msukumo wa ukuta vizuri zaidi kuliko nguzo iliyo wima. Pili, mti wa juu unakuwa mfupi, na mti mfupi haupindiki upesi. Hesabu yake ni hii: kama uzito wa udongo umetandazwa sawasawa juu ya mti, ukiupunguza urefu wake kutoka sm 150 hadi sm 120, nguvu inayoupinda katikati inapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ni sm 30 tu ulizokata! Hujanunua mti mnene zaidi, hujabeba kitu chochote kizito zaidi kutoka bondeni.

Lakini usidanganyike. Trapeza nayo ni pembenne, na pembenne hulala. Mshazari mzima huwezi kuuweka katikati ya njia, maana watu wanapita hapo na mizigo. Kwa hiyo fundi anafanya mambo mengine. Anapiga kabari kati ya miti na mwamba, juu na pembeni, mpaka kusiwe na nafasi ya kuyumba. Anaweka kipande kifupi cha mti kwenye kona, kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye mti wa juu, na kona inakuwa pembetatu ndogo. Na kati ya fremu moja na inayofuata anaweka miti ya kuzitenganisha na ya mshazari ubavuni, zisije zikaanguka moja juu ya nyingine kama vitabu kwenye kabati. Kipande kile cha kona ndicho ninachotaka ukijali kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachoibwa. Ni kifupi, kinaonekana hakibebi kitu, na kinafaa sana kwa moto wa jioni, huku kwetu Minembwe ambako tuko juu ya mita 2000 na baridi haina huruma. Ndugu yangu, kuni hizo ni ghali. Zina bei ya mgongo wa mwenzako.

Mti mbichi nao una hila yake. Mkalitusi uliokatwa wiki iliyopita utaendelea kukauka na kusinyaa humo humo shimoni, kabari italegea, na fremu iliyokuwa imara siku ya kwanza itaanza kucheza. Kwa hiyo kabari hupigwa tena na tena. Si kazi ya siku moja.

Sasa twende kwenye shimo la kushuka chini. Hapo miti minne hulazwa na kufungwa kuwa mraba, mraba juu ya mraba, mpaka chini. Tuseme kila upande ndani ni sm 120. Mishazari yote miwili inapaswa kuwa karibu sm 170. Mtu akipima pande tu, atapata 120, 120, 120, 120, naye atapanda juu akiwa ameridhika. Pima mishazari! Ukiona mmoja ni sm 175 na mwingine ni sm 164, jua kwamba udongo umekwisha kuanza kuusukuma mraba uwe rombo. Pembe zake zimetoka kwenye digrii 90 kwa digrii zisizofika nne. Kwa jicho, kwa taa ya kichwani na vumbi, huwezi kuona digrii nne hata ukazitazama kutwa. Kamba yenye fundo itaziona. Inatosha kamba moja, fundo moja la kila mshazari, na dakika mbili kabla ya kazi kuanza. Fundo likihama, hakuna anayeshuka. Aitwe fundi wa miti, na wewe usijaribu kunyoosha fremu peke yako kwa nyundo, maana mti uliobeba uzito ukipigwa unaweza kuruka.

Mtanikumbusha Kamituga, huko Mwenga, jimbo letu hili la Kivu ya Kusini. Tarehe 11 Septemba 2020 mashimo ya dhahabu yaliporomoka baada ya mvua kubwa, na watu karibu 50 wakafa. Sitasema kwamba mti wa kona ungewaokoa. Maji yalipoingia, yalikuja na nguvu ambayo hakuna fremu ya miti iliyopangwa kuishinda, na dawa ya maji ni kuyaelekeza mbali na mdomo wa shimo na kutoshuka wakati wa mvua. Lakini mvua za siku nyingi, hata zisipoingia kama mto, zinalowesha udongo, na udongo uliolowa ni mzito na unasukuma zaidi. Asubuhi ya baada ya mvua ndiyo asubuhi ya kupima mishazari kwa uangalifu.

Nyumbani nako

Mama, usifikiri hii ni habari ya wanaume wa shimoni peke yao. Ukuta wa nyumba yako ni mstatili, na upepo wa huku juu unausukuma kila siku.

Kuna msukumo mwingine pia. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ardhi la nguvu 6,8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika, na nyumba zikaanguka Kalemie, kusini ya Fizi kwenye ufuko uleule wa ziwa. Sisi sote tunaishi kando ya Bonde la Ufa, Baraka chini na Minembwe juu, na ardhi hii itatikisika tena. Tetemeko linasukuma nyumba kwa ubavu, mara kushoto, mara kulia. Mstatili unataka kuwa msambamba: mshazari mmoja unavutwa, mwingine unabanwa. Tofali la udongo linavumilia kubanwa, lakini halivumilii kuvutwa, basi linapasuka. Ardhi inaporudi upande wa pili, mshazari wa pili nao unavutwa. Ndiyo sababu baada ya tetemeko kuta nyingi zinaonyesha nyufa mbili zilizopishana kama herufi X. Ukuta umechora mishazari yake wenyewe.

Jifunze kusoma nyufa. Ufa mwembamba katika lipu, usio na mwelekeo, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kwenda mshazari unasema ukuta unavutwa au msingi unazama upande mmoja. Weka alama ya penseli kwenye mwisho wa ufa, andika tarehe pembeni yake. Ukivuka alama, watoto wasilale chumba hicho mpaka fundi aje.

Kwa nyumba ya miti na udongo dawa ni rahisi, tena inashangaza jinsi inavyosahaulika. Kabla ya kujaza udongo, funga mti wa mshazari katika kila kona ya nyumba, kutoka chini ya nguzo ya kona mpaka juu ya nguzo nyingine. Mti unaweza kuvuta na unaweza kubana, kwa hiyo mmoja unasaidia pande zote mbili. Ukitumia waya au kamba badala ya mti, weka mbili, moja katika kila mshazari, kwa maana kamba inajua kuvuta tu, ukiisukuma inalegea. Hata mlango wa mbao unahitaji ubao wa mshazari. Na hapo wengi hukosea upande: ncha ya chini ya ubao iwe upande wa bawaba, ya juu iwe upande wa kitasa. Hapo uzito wa mlango unaubana ubao na kushuka kwenye bawaba. Ukigeuza, uzito huo unaivuta misumari, nayo inang'oka kidogo kidogo mpaka mlango unakwaruza chini, na kila asubuhi ni ugomvi.

Je, utajuaje msingi wa nyumba mpya una pembe za digrii 90, bila ekere ya fundi? Njia moja ni ya kamba: weka mafundo kugawanya kamba katika sehemu 12 sawa, uikunje iwe pembetatu ya sehemu 3, 4 na 5. Pembe iliyo kati ya 3 na 4 ni ya digrii 90 kamili. Ile njia ya pili inanifurahisha zaidi, kwa sababu haitaki hata kuhesabu. Mtaalamu wa hesabu Paulus Gerdes, aliyefundisha Msumbiji na kufa mwaka 2014, aliwakuta wakulima wa huko wakiitumia, akaiandika katika vitabu ili walimu waione. Chukua kamba mbili zenye urefu sawa, uzifunge pamoja katikati kabisa ya kila moja. Laza ardhini mti wenye upana unaoutaka wa nyumba, piga kigingi kila mwisho wake. Funga ncha ya kamba moja kwenye kigingi cha kwanza, ncha ya kamba ya pili kwenye kigingi cha pili. Sasa vuta ncha mbili zilizobaki mpaka kamba zote zikaze, upige vigingi hapo. Umepata kona zako nne, na pembe zote ni za digrii 90. Kwa nini? Kwa sababu kamba hizo ndizo mishazari. Pembenne ambayo mishazari yake ni sawa na inakatana katikati haiwezi kuwa kitu kingine ila mstatili. Wakulima wale walianza na mishazari, na pande zikafuata zenyewe.

Duara halina kona

Wazee wa milima hii walijenga nyumba za duara, na baadhi yetu tunaziona kama za kizamani. Mimi siungi mkono dharau hiyo. Kwa ua wenye mzunguko wa mita 40, duara linakupa eneo la mita za mraba 127. Mraba unakupa 100, na mstatili wa mita 15 kwa 5 unakupa 75 tu. Fito zilezile, kazi ileile, ng'ombe wengi zaidi. Na upepo ukifika kwenye ukuta wa duara haupati uso mpana wa kusukuma, unateleza na kupita.

Kisima cha matofali kinajengwa duara kwa sababu hiyo ya msukumo: udongo ukibana kutoka pande zote, matofali yanazidi kushikana. Na mfuniko wake, pamoja na mfuniko wa choo, uwe duara. Mfuniko wa mraba wenye upande wa sm 60 una mshazari wa karibu sm 85. Mtoto akiucheza na kuusimamisha kwa ubavu, unaweza kupita katika mshazari wa tundu na kutumbukia ndani, pengine pamoja na mtoto. Duara lina upana mmoja kila upande ulipoligeuza, na likiwa pana kuliko tundu haliwezi kupita. Inzi pia hawapati kona ya kuingilia, ikiwa umelikata vizuri.

Nisije nikaitukana pembenne peke yake. Kulala kwake kuna faida pia. Jeki ya gari yenye skrubu katikati ni rombo: ukizungusha skrubu, mshazari uliolala unafupika, uliosimama unarefuka, na gari linapanda. Pande hazikubadilika hata kidogo. Ndiyo ile ile nguvu inayotuangusha shimoni, ila hapa skrubu imeushika mshazari. Skrubu ikiharibika, gari linashuka. Usiweke kichwa chini yake bila kigogo.

Ngazi nayo, kwa maneno mawili: ikiegemea ukuta kwenye kimo cha mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Ikiwa mbali zaidi itateleza, na ikiwa karibu zaidi itakurudisha nyuma.

Kipoyi na kitambaa

Ajali ikitokea, na mgonjwa anapaswa kubebwa mlimani, machela yetu tunayoiita kipoyi nayo ni pembenne. Miti miwili mirefu na blanketi peke yake haitoshi: miti inakaribiana na kumbana mgonjwa mbavuni. Funga vijiti viwili vya kukinga, kimoja kichwani, kimoja miguuni. Sasa ni mstatili, lakini wabebaji wawili wa kulia wakitembea haraka kuliko wa kushoto, mti mmoja unatangulia, kipoyi kinakuwa msambamba, na mgonjwa mwenye mfupa uliovunjika anajikunja pamoja nacho. Kilio chake mtakisikia. Funga kamba mbili za mshazari chini ya blanketi, zipishane katikati, ndipo muondoke. Kushuka kutoka huku kwenda Baraka kwa miguu si mwendo wa kucheza, na dakika tano za kufunga kamba hazitamchelewesha mgonjwa.

Kwa mkono uliovunjika tunatumia pembetatu yenyewe. Chukua kitambaa safi cha mraba chenye upande wa mita 1 na ukikate kwa mshazari: umepata bandeji mbili za pembetatu, upande mrefu wa kila moja ukiwa sm 141. Kama ni kitenge cha mama, usikikate, kikunje tu kwa mshazari. Mwache mgonjwa aushike mkono wake mwenyewe, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Pitisha kitambaa kati ya mkono na kifua, kona ya digrii 90 ikielekea kwenye kiwiko kilichoumia, upande mrefu ukishuka wima upande wa mwili ulio mzima. Ncha ya juu ipite juu ya bega zima na kuzunguka nyuma ya shingo. Ncha ya chini uipandishe juu ya mkono mpaka zikutane kwenye bega la upande ulioumia. Fundo likae kwenye shimo la juu ya mtulinga, lisikae kwenye mfupa wa shingo. Kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko. Kona iliyobaki kiwikoni ikunje ndani na uibane kwa pini. Vidole viachwe nje vionekane, na kila baada ya dakika 10 vitazame: vikiwa baridi, vikibadilika rangi au mgonjwa akisema vimekufa ganzi, legeza fundo mara moja na umlete zahanati, mchana au usiku.